Mguu Haukuzeeka Peke Yake

Iko rai iliyoenea katika Bariadi na wilaya jirani zake, tangu Lamadi ziwani mpaka Mwanhuzi katika nyika za Meatu, ambayo haina kitabu wala mwalimu, na juu ya hayo ina wafuasi wengi kuliko madhehebu yoyote: ya kwamba mguu unaouma si maradhi, bali ni jambo aliloandikiwa kila mtu aliyeshika jembe na kuhesabu miaka. Mwenye kidole gumba kilichovimba huambiwa ni uzee. Mwenye kisigino kinachomchoma alfajiri huambiwa ni baridi. Mwenye kifundo kilichojaa ghafla huambiwa amekanyaga kitu. Na wote watatu, wakiisha kugawiwa sababu hizo, hurudishwa nyumbani na matibabu ya namna moja, yaani kitambaa cha kujifunga, vidonge vya dukani na nasaha ya kuvumilia.

Insafu yataka tuieleze rai hii kama wenyewe wanavyoieleza, wala si kama tupendavyo kuisikia ili tuishinde kwa urahisi. Wasemao hivi si wajinga. Wameona kwa macho yao kwamba vijana wachache huchechemea na wazee wengi huchechemea. Wameona kwamba katika asubuhi za Juni na Julai viungo hukakamaa kuliko adhuhuri. Wameona jirani aliyekwenda zahanati akapewa panadol, akarudi vile vile alivyokwenda. Na wameona pamba ikipaliliwa na kuvunwa mwaka baada ya mwaka na watu wenye miguu mibovu, wala isikose kufika kwenye mizani ya chama cha msingi. Kutokana na hayo wanahitimisha kwamba mguu haumuui mtu, kwamba dawa yake haipo, na kwamba mtu aliyekomaa halalamiki. Hizo ndizo hoja zao, nami sikuzipunguza. Sasa na tuzikague moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza: ya kwamba ni uzee

Tangu kifundo mpaka ncha za vidole, mguu mmoja una mifupa 26 na viungo 33, na kila kiungo kina njia zake za kuugua. Lakini mwenye rai ya uzee huvikusanya vyote akavihukumu pamoja, bila ya kuuvua mguu kiatu. Mtu wa miaka 60 ana mguu wa kulia wa miaka 60 na wa kushoto wa miaka 60, na ikiwa umri ndio uvimbishao, haieleweki kwa nini umeuchagua mmoja ukauacha wa pili, uliozaliwa siku ile ile na kulima shamba lile lile.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa viungo, na kwamba asilimia 73 yao walikuwa wamepita miaka 55. Mfuasi wa rai hii ataishangilia hiyo 73, lakini hatatuambia tufanye nini na asilimia 27 iliyobaki, ambao ni watu zaidi ya milioni 140. Aidha, uko ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kuulinda mwili, hugeuka ikaushambulia utando wa viungo. Shirika lile lile liliwahesabu wagonjwa wake kuwa milioni 18 mwaka ule ule, na asilimia 70 yao ni wanawake. Mara nyingi humwanza mwanamke angali analea watoto, nao huvimbisha viungo vidogo vya mikono na vya miguu, kulia na kushoto kwa pamoja. Ugonjwa huu unazo dawa za kuuzuia usiharibu viungo, nazo hufaa zaidi zikianza mapema. Kwa hiyo kila mwaka ambao mama huyu anaambiwa kuwa ameanza kuzeeka ni mwaka wa kupoteza viungo ambavyo havitarudi.

Fauka ya hayo, Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye selimundu kwa wingi kabisa, na aghalabu dalili ya kwanza ya maradhi hayo kwa mtoto, kabla hajatimiza miaka miwili, ni kuvimba mikono na miguu kwa uchungu mkali. Mtoto wa miezi minane anayelia kila akiguswa wayo naye tumwite mzee?

Na kuna jambo la maji, ambalo wapenda uzee hawapendi kulisikia. Imejulikana tangu zamani kwamba baadhi ya visima vya Arusha, Singida na Shinyanga vina madini ya floraidi kupita kiasi, na Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Anywaye maji ya namna hiyo tangu utotoni hupata madoa ya kahawia menoni, na akidumu nayo miaka mingi kwa kipimo kikubwa, mifupa na viungo hukakamaa. Kijiji ambacho watoto wana meno ya kahawia na watu wazima wana magoti na vifundo vigumu hakipaswi kutulizwa kwa hadithi ya uzee kabla kisima chake hakijapimwa. Walakini kisima kina kamati, kina mhandisi, kina fungu katika bajeti, ilhali uzee hauna wa kuulizwa. Na hii, nadhani, ndiyo sababu uzee unapendwa hivyo.

Hoja ya pili: ya kwamba ni baridi

Lau baridi ndiyo izaayo maradhi ya viungo, watu wa Makete, ambako umande huganda juu ya majani alfajiri, asingebaki mmoja wao asimamaye wima, na watu wa Bariadi, ambao jua huwachoma karibu mwaka mzima, wangekuwa mfano wa miguu mizuri kwa Afrika Mashariki yote. Baridi huweza kuyazidisha maumivu yaliyopo, na hilo halina ubishi. Lakini kuyazidisha si kuyazaa.

Mtu wa kisigino atajibu kwamba yeye huumwa alfajiri tu, wakati wa baridi, na hiyo ndiyo burhani yake. Yeye ameiona saa, akaishtaki hali ya hewa. Chini ya wayo upo utando mgumu, uliotandazwa tangu kisigino mpaka vidoleni, ambao mtu alalapo hukaa umejikunja usiku kucha. Akiinuka na kuukanyaga kwa ghafla, huvutika mahali ulipochubuka, ukachoma kama msumari. Akiisha kutembea hatua kadhaa hulegea, akasahau mpaka kesho. Alale adhuhuri chini ya mwembe katika jua la Oktoba, akiamka ataumwa vile vile. Dawa ya huyu, aghalabu, ni kunyosha msuli wa shavu la mguu kwa kuegemea ukuta, kuviringisha wayo juu ya chupa mara kadhaa kwa siku, na kuacha kutembea peku juu ya sakafu ya saruji. Dawa ambayo gharama yake ni subira ya miezi.

Kukakamaa kwa asubuhi nako ni ushahidi, kwa mwenye kutaka kuupokea. Kiungo kilicholika hukakamaa dakika chache, kwa kawaida chini ya nusu saa, kikalainika. Kiungo kinachoshambuliwa na kinga ya mwili hukaa kigumu zaidi ya hapo, pengine saa nzima na zaidi. Tofauti hiyo haihitaji mashine, yahitaji mtu wa kuuliza, “Mama, ukiamka inakuchukua muda gani mpaka uweze kushika chungu?” na mtu wa kusikiliza jibu. Aliyekwisha kuamua kwamba ni baridi hana haja ya kuuliza.

Na gharama iliyofichika ya rai hii ni moto. Madhali adui ni baridi, mguu huwekwa katika karai la maji yanayofuka mvuke, au husogezwa karibu na makaa. Na mwenye kisukari kilichoua hisia za nyayo hukaa hapo akizungumza na wageni, hana habari, mpaka mjukuu aone ngozi imeinuka malengelenge. Aliingia na ganzi, akatoka na kidonda.

Hoja ya tatu: ya kwamba amekanyaga

Hoja hii ina nguvu kuliko zote, kwa kuwa inaonekana kama ina ushahidi. Mwanamume wa miaka 45 amelala mzima, hakuanguka wala hakuchomwa na mwiba. Usiku wa manane anaamshwa na kidole gumba cha mguu kilichokuwa chekundu, ngozi imevutika mpaka inang'aa, hata shuka ikikigusa anapiga kelele. Maradhi yajayo usiku, bila ya sababu ya kuonekana, mahali padogo hivyo, nani atawalaumu ndugu wakisema ametegewa uchawi?

Lakini hiyo ni jongo, ambayo matabibu waliieleza tangu enzi za Wayunani. Asidi ya yuriki ikizidi katika damu, ama kwa sababu figo hazitoi ya kutosha, ama kwa nyama nyingi, bia na vinywaji vya sukari, ama kwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu, huganda ikawa chembechembe zenye ncha ndani ya kiungo, na kidole gumba ndicho kiungo ipendacho kuanzia. Fedha za pamba zikiingia, na mbuzi wakachomwa, na kreti zikashushwa, huyu hahitaji adui wa kumtegea njiani. Amejitegea mwenyewe mezani.

Sasa tazameni jinsi mganga anavyopata sifa. Shambulio la jongo, hata lisipotibiwa, aghalabu huisha lenyewe kwa wiki moja au mbili. Mganga aitwaye siku ya tatu huwa mshindi siku ya kumi, amelipwa, na kidole kimekwisha nywea. Jongo ikirudi baada ya miezi, hakuna asemaye kwamba dawa haikufaa, bali husemwa kwamba adui ameongeza nguvu. Na hivyo kushindwa kwenyewe huwa hoja ya kulipa mara ya pili. Ilhali ipo alopurinoli, kidonge kilichoko ulimwenguni tangu miaka ya 1960, ambacho kikimezwa kila siku kwa uangalizi wa tabibu huishusha asidi hiyo na kuyakomesha mashambulio. Na kuhusu huyo adui, sina haja ya kusema mengi mahali ambapo vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa mafiga. Kila anayetamka kwamba fulani amekanyaga kitu, ajue kwamba sentensi yake haijakamilika. Watu watauliza kilichowekwa na nani, na jibu aghalabu hutafutwa katika nyumba ya mwanamke mzee asiye na wa kumtetea.

Hoja ya nne: ya kwamba vidonge vipo dukani

Hapa rai hii inajipinga yenyewe hadharani, wala haioni haya. Wale wale wasemao kwamba mguu si maradhi na dawa yake haipo ndio wanaomeza dawa kila siku. Diklofenaki hununuliwa vidonge vinne vinne, vikafungwa katika kipande cha karatasi kisicho na maandishi, vikamezwa asubuhi kabla ya kwenda shambani na tumbo tupu, mwezi mpaka mwezi. Kwa siku chache, kwa mtu mwenye tumbo na figo nzima, dawa hii ina manufaa yake. Kwa miaka, huchimba vidonda vya tumbo, huzidhoofisha figo na hupandisha shinikizo la damu. Kisha siku ile mtu atapikapo damu, rai ya kijiji huwa na maelezo mengine tayari, wala mguu hautajwi tena.

Wengine hupewa prednisoloni, na hawa ndio wenye kusadiki zaidi, kwa sababu nafuu yake huja kwa kasi ya kushangaza. Mtu aliyekuwa akitambaa jana leo anatembea. Hapana aliyemwambia kwamba dawa hiyo, ikitumiwa muda mrefu bila ya uangalizi, hupandisha sukari, hupunguza nguvu ya mifupa na hulemaza kinga. Na uso wake unapojaa ukawa wa mviringo, majirani humpongeza kwamba amenawiri. Maradhi yamepandwa juu ya maradhi, na watu wanatoa pongezi.

Hoja ya tano: ya kwamba apumzike

Nasaha hii ina sura ya huruma. Lakini ichunguzeni inavyogawanywa: mwanamume mwenye goti huwekewa kiti chini ya mti, na mwanamke mwenye goti huambiwa apumzike akiisha kuteka maji. Kama kupumzika ndiyo tiba, basi imenyimwa walio wengi katika wagonjwa. Na kama si tiba, wanaoketishwa wanadanganywa.

Ukweli ni kwamba kiungo kilichowaka kwa jongo chataka kutulizwa siku chache, lakini kiungo kilicholika huharibika zaidi kwa kukaa. Misuli inayokishika hunywea, uzito wa mwili huongezeka, na kiungo kikabeba mzigo mkubwa kwa kamba dhaifu. Watafiti waliopima mwendo wa watu wanene wenye magoti mabovu waliona kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Na sisi bado tunauhesabu unene kuwa ni dalili ya heshima nyumbani, tukamsukumia mgonjwa wali na soda ili apate nguvu.

Kadhalika viatu. Fundi wa katambuga, aketiye gulioni kando ya rundo la matairi makuukuu, hukata soli kwa kisu kilicholowekwa maji, hupitisha kanda ubavuni, akazipigilia misumari kwa chini. Mjini kazi yake inadharauliwa, na badala yake huvaliwa ndala nyembamba zinazopinda kila hatua, au viatu vya ncha kali vinavyovibana vidole. Lakini mwenye kidole gumba ambacho kiungo chake kimelika huhitaji hasa soli ngumu isiyopinda, iliyoinuka kidogo mbele, ili mguu ubingirike badala ya kukikunja kiungo kibovu. Na kipande cha tairi kina ugumu huo na mpindo huo kwa asili yake. Mwenye ganzi, kinyume chake, aikwepe misumari hiyo kama nyoka, atafute kiatu kilichofunikwa, chenye ndani laini, naye atie mkono ndani kabla ya kukivaa kila siku. Kiatu kimoja ni dawa kwa huyu na hatari kwa yule, na hatuwezi kujua yupi ni yupi maadamu wote tumewaita wazee.

Hoja ya sita: ya kwamba mguu haumuui mtu

Unaua, na ule uuao zaidi ni ule usiouma. Mganga wa upasuaji Paul Brand, Mwingereza mzaliwa wa India, aliyeanza kazi Vellore mwaka 1946, aliwaonyesha walimwengu kwamba miguu ya wakoma haiozi yenyewe kama ilivyodhaniwa, bali huharibika kwa sababu mwenyewe hasikii uchungu, akaendelea kukanyaga jiwe ambalo mwingine angaliruka. Yaliyo kwa mkoma ndiyo yaliyo kwa mwenye kisukari. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, tabibu Zulfiqarali Abbas amefanya kazi miaka mingi kuwafundisha watumishi wa afya na wagonjwa kwamba sehemu kubwa ya ukataji wa miguu ingaliweza kuepukwa kwa kuitazama miguu mapema. Wanaosifu uvumilivu wa maumivu hawana la kumwambia mtu huyu. Kwa kipimo chao, yeye asiyesikia kitu ndiye shujaa mkubwa kuliko wote, mpaka siku ya msumeno.

Anachohitaji ni kidogo: kuzitazama nyayo kila jioni, au kutazamiwa na mjukuu, kukausha katikati ya vidole, kupaka mafuta juu na chini, lakini si kati ya vidole, kukata kucha kwa mstari ulionyoka, kutotembea peku hata uani, na kwenda kituoni siku ile ile aonapo kidonda, hata kama hakimwumi, na hasa kama hakimwumi.

Hoja ya saba: ya kwamba hospitali iko mbali

Hoja hii ndiyo ya kweli zaidi, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Mabingwa ni wachache, na mgonjwa mzito wa viungo kutoka Bariadi hupanda basi kupitia Lamadi na Magu mpaka Bugando, Mwanza, na nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea vyote ni vyake. Lakini mengi ya niliyoyataja hayahitaji Bugando. Kupima sukari kwa tone la damu, kugusa wayo kujua kama una hisia, kupima uzito, kuuliza muda wa kukakamaa, kutazama kiatu: haya yanawezekana katika zahanati. Yanayopasa kupelekwa mbele yanajulikana pia: kiungo chenye moto pamoja na homa, ambacho hakingoji hata kesho, uvimbe uliopita wiki sita, mguu uliokufa ganzi, kidonda kisichofunga.

Na umbali huo, mbona hupungua kwa wengine? Maksai akichechemea siku ya kulima, mwenyewe humfungua nira papo hapo, huinua kwato, huchungulia mwiba, na asipouona humtafuta mtaalamu wa mifugo kabla jua halijachwa, popote alipo. Hakuna amwambiaye maksai kwamba ni uzee. Mwenye maksai, ambaye naye anachechemea mwaka wa saba sasa, huyafanya yote hayo kwa mguu wake mbovu.

Isitoshe, rai hii ndiyo inayoirefusha njia. Zahanati huandika katika daftari waliofika, wala haiandiki waliobaki nyumbani. Miguu isiyofika haihesabiwi, isiyohesabiwa haiagiziwi dawa, na mgonjwa mmoja anayekwenda akakosa dawa hurudi akiwa shahidi kwamba dawa haipo. Katika mikutano ya hadhara bei ya pamba huulizwa, mbegu huulizwa, viuatilifu huulizwa. Miguu inayoibeba pamba hiyo mpaka ghalani ni nadra kuulizwa. Bunge limekwisha pitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na bima haimfai kitu mtu aliyekwisha kushawishiwa kwamba hana ugonjwa.

Alhasili, uzee upo, baridi ipo, na kazi ya jembe ni nzito. Hakuna anayeyakana hayo. Ninachokikana ni hukumu itolewayo bila ya ushahidi, kisha ikaitwa hekima kwa sababu imetolewa na wengi. Kulika kwa kiungo, jongo, kinga iliyoasi, utando uliochubuka, selimundu, maji ya kisima na ganzi ya kisukari ni mambo saba yenye njia saba, na tiba ya moja huweza kuwa sumu ya lingine. Atakayeyapa yote sababu moja hatalitibu hata moja. Basi atakayeambiwa tena kwamba mguu wake ni uzee tu, asikasirike wala asishukuru, bali amwulize msemaji kwa adabu zote, awe ni jirani, ni mganga au ni mwenye koti jeupe: umepima nini?